Bwawa Lilikuwa Zima

Nilikuwa najiandaa kusoma taarifa za mchana katika redio moja ndogo mjini Nakuru, rekodi ya sauti ilipoanza kusambaa kwenye WhatsApp. Mwanaume alikuwa akipiga mayowe kwamba bwawa la shamba moja, juu ya mteremko nje ya mji, limepasuka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Stesheni nyingine ilishaicheza sauti hiyo hewani.

Mhariri wetu aliingia studio bila kubisha. "Iweke sasa hivi. Tunaachwa nyuma!"

"Boss, nani ameliona hilo bwawa?"

"Kila mtu anasema."

"Nani ameliona kwa macho yake?"

Nilikuwa nimeripoti habari za hali ya hewa tangu Ziwa Nakuru lilipoanza kupanda na kumeza nyumba za watu, na nilijua redio ikidanganya mara moja kuhusu mafuriko, siku ikionya kweli hakuna atakayeondoka. Nikamwomba anipe muda. Akakuna kichwa, kisha akanirushia funguo za gari la kazi.

"Ukikosea, tumeenda nyumbani sisi wawili."

Nilimkuta mlinzi wa bwawa amesimama juu ya ukuta wake, koti la mvua likimng'ang'ania mwilini. Bwawa lilikuwa zima. Lakini nilipotazama chini, nikaiona hatari yenyewe. Korongo lilikuwa limefurika maji ya mvua na kuanza kula kingo zake, na watu waliotishwa na ile sauti walikuwa wakishuka na magodoro na kuku, wakitaka kuvuka daraja la miti wakimbilie kanisani ng'ambo.

Nikapiga simu studio. "Niweke hewani!"

Nikasema polepole: "Bwawa halijapasuka. Nimesimama juu yake. Hatari iko korongoni. Msivuke daraja. Mlioko kando ya korongo, pandeni upande wa shule."

Kisha nikateremka mbio nikiwapungia mikono. Mama mmoja aliyebeba redio ndogo kwenye kikapu alikuwa ameshasimama. Akawageukia wenzake: "Si mmesikia? Turudini juu!"

Wakarudi. Jioni hiyo hiyo maji yalibeba daraja lote. Hakukuwa na mtu juu yake.

Mhariri hakunipongeza kwa maneno. Asubuhi iliyofuata alikata nusu ya kipindi cha muziki cha saa nzima akanipa mimi, kila wiki, nieleze mvua. Nilimwalika mtaalamu wa hali ya hewa na kumkatalia maneno makubwa. Akaeleza kwamba dunia ikipata joto, hewa hubeba maji mengi zaidi, ndiyo maana siku hizi mvua ikija inamwagika kwa fujo. Mzee mmoja akapiga simu kutoka Lanet. "Kwa hivyo si laana?"

"Si laana, mzee," nikamjibu. "Ni moshi wa viwanda na magari, mwingi wake wa nchi za mbali."

"Basi waulizeni na hao wenye moshi," akasema. Tukaanza kuuliza.

Msimu uliofuata, kabla mvua haijakolea, nilipita korongoni tena. Nyumba za ukingoni zilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamesikia utabiri wetu wakahamia juu mapema, na mabati yao mapya yalimeta kando ya shule. Nilisimama nikayatazama kwa muda mrefu. Nilijivunia kazi yangu, na sioni haya kusema hivyo.