Pamba ya Magesa

Siku cheni za matairi zilipofika Bunda, tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori, tunakula mihogo ya kuchemsha. Mimi nilikuwa dereva wa lori la pamba. Utingo wangu alikuwa Magesa, kaka wa mke wangu, mtu wa Butiama mwenye mdomo usiopumzika. Tajiri wetu alikuwa ameagiza vifaa vya lori kutoka nje, na cheni zilikuja ndani ya boksi lenye picha: gari linapita katikati ya weupe mtupu, hata mapaa ya nyumba yamefunikwa.

"Shemegi, ona," Magesa alisema. "Hawa wamevuna mpaka pamba imewashinda kubeba. Wanaikanyagaga na magari."

Sikubisha. Sisi tulikuwa watu wa pamba, na kitu cheupe kilichomwagika barabarani kwetu kilikuwa na jina moja tu. Tukaamini kwamba cheni ni za kuzuia gari lisiteleze juu ya pamba, tukazisahau nyuma ya kiti mpaka masika, lori lilipozama kwenye udongo mweusi wa mbuga. Magesa akazifunga kwenye matairi ya nyuma kwa kubahatisha, lori likatoka.

Tangu hapo hakuna aliyezigusa ila yeye. Unazitandaza chini, tairi linapanda juu yake, unafunga ndoano, gari linakwenda kidogo, linasimama, unakaza tena. Usipokaza mara ya pili cheni inalegea, inapiga bodi, mwisho inakatika. Akimaliza kukaza alipiga bodi kwa kiganja, pa-pa, nami niliondoka bila kuuliza wala kutazama, maana lori likishaanza kupanda mlima wenye tope halisimami. Yeye alikimbia akadandia nyuma. Ndivyo tulivyofanya kazi, na hatukuwahi kugombana juu ya hilo.

Vita vya Uganda vilipotangazwa redioni, malori ya watu yalichukuliwa pamoja na madereva wake. Magesa hakuitwa. Lakini alijigamba kwamba aliyetangaza vita ni jirani yake wa Butiama, na mtu hamwachi jirani peke yake akiwa na shughuli. Mke wangu Nyabise hakucheka. Wakati huo tulikuwa tumepanga Nyakato, ile ya Musoma. Alinishika mkono mlangoni.

"Sina kaka mwingine," aliniambia. "Umemchukua, umrudishe."

Nikamjibu kwamba nitamrudisha. Sikuwa namfariji tu. Niliondoka Musoma nikiwa nimeapa moyoni kwamba nitafanya hivyo.

Ng'ambo ya ziwa tulikuta mvua isiyo na adabu. Tulipeleka unga na risasi mbele, tukarudi na majeruhi. Malori mengine yalilala kwenye tope, letu likapita, na askari wakatuzoea. Magesa aliwaeleza wote kwamba Ulaya cheni hizi ni za mashamba ya pamba. Ofisa mmoja aliyewahi kusoma nje alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nitakueleza vita vikiisha," alimwambia. "Nikikueleza sasa hivi utaacha kuzipenda."

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imekatika. Tulipakia majeruhi bondeni. Mbele yetu kulikuwa na mlima wa udongo mwekundu, na upande mmoja korongo. Mizinga ya adui ikaanza kuitafuta barabara.

Cheni zilikuwa zimefungwa. Hatukupata nafasi ya kuzikaza tena.

Kabla ya kufika mlimani nikasikia cheni ya kushoto inapiga bodi. Nilijua maana yake. Ikikatika kule juu, tungerudi kinyumenyume mpaka korongoni, sisi na wote tuliowabeba.

"Simama," Magesa alisema.

"Wanatuona."

"Simama hapa hapa, shemegi. Huko juu hutaweza."

Nikasimama. Akaruka chini.

Kombora likaanguka kwenye migomba. Lingine likaja karibu zaidi, udongo ukamwagika kwenye kioo. Nyuma mtu alikuwa anamwita mama yake.

Sikuzima injini. Niliogopa sana.

Nikangoja.

Pa-pa.

Nikaachia klachi. Cheni zikauma udongo na lori likaanza kupanda. Nilikwenda na gia ya kwanza mpaka juu.

Juu nikashuka, nikaenda nyuma kumtafuta. Hakuwapo. Majeruhi aliyekaa ukingoni mwa bodi alinitazama usoni.

"Alipiga bodi akiwa amelala chini, dereva," alisema. "Lile kombora la pili lilikuwa limeshampata. Alijivuta, akapiga."

Niliwafikisha majeruhi kwa madaktari, kisha nikarudi kwa miguu na askari wawili. Tulimkuta pale pale, hana uhai. Tukamzika juu ya mlima ule, nami nikaweka mawe mengi kuliko yaliyohitajika. Cheni ya kushoto haikulegea tena siku ile. Alikuwa ameikaza vizuri.

Nyabise hakunilaumu. Alilia mpaka sauti ikaisha, kisha akauliza kama tulimlaza vizuri. Watu husema Magesa aliokoa lori zima, na ni kweli, najivunia kuwa shemeji yake. Lakini Nyabise alikuwa na kaka mmoja, na lile lori zima la watu halijawahi kuziba nafasi yake mezani.

Sasa tumejenga Bweri. Juzi tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, wakaonyesha nchi moja ya baridi. Magari yamekwama kwenye theluji, dereva amepiga magoti anafunga cheni kwenye tairi. Nyabise aliacha kuchambua maharage.

"Baba Neema, si ndiyo ile pamba ya Magesa?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na yule ofisa wenu hakumwambiaga?"

"Alisema atamwambia vita vikiisha."

Alitazama mpaka picha ikabadilika.

"Angebisha," alisema. "Namjua. Angesema hao wa televisheni ndio hawajui pamba."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa ajili ya kaka yake tangu nirudi peke yangu. Kisha akajifuta macho kwa khanga, akavuta ungo, akaendelea na maharage.