Gunia Lililoshiba

Siku yangu ya kwanza jeshini, katika depo ya Nanyuki, nilipanga foleni nikitaka bunduki, nikapewa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Nikadhani wamekosea.

"Afande, mimi nimekuja vita," nikamwambia Sajini Meja.

"Hii ndiyo vita yako," akasema. "Askari akikosa posho atapiga nini, makofi?"

Leo nina miaka tisini na tisa, na bado watu hawajaelewa alichosema yule mtu. Kila mwaka wanakuja na simu zao, ati mzee tuambie mlivyopigana na Wajapani. Nikianza kueleza habari za stoo, wanapiga miayo. Jamani! Walidhani wenye bunduki walikuwa wanakula majani?

Sikilizeni basi, maana kazi hii ilikuwa na ufundi wake. Kikosi cha mbele kilituma indenti, yaani orodha ya mahitaji: mchele, chumvi, sigara, buti. Sisi tulipima, tukafunga, tukapakia. Nanyuki tulipakia malori. Walipotuvusha bahari hadi mpakani mwa Burma, barabara zilikuwa tope la magotini, kwa hiyo chakula kilikwenda kwa ndege na kutupwa hivi hivi, bila mwavuli, kwa kuwa miavuli ilikuwa haba.

Gunia la kutupwa lina namna yake. Unalijaza nusu na kidogo, unalishona, kisha unalitia ndani ya gunia jingine kubwa zaidi. Likigonga ardhi, la ndani hupasuka, mchele ukapata pa kukimbilia, na la nje likashika. Kapteni wa Stoo, Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa mpishi wake, alipita akiyagonga magunia kwa fimbo. "Hapana jaza! Gunia nashiba, napasuka. Mimi nataka gunia ya njaa!"

Sasa, mimi ni mtoto wa Karatina. Mama aliuza viazi pale sokoni, na kwetu gunia lisilofura juu lilikuwa matusi. Hiyo lumbesa mnayoipigia kelele siku hizi, sisi tulizaliwa nayo. Ukimpimia mtu wako unajaza, unatikisa, unaongeza tena.

Asubuhi moja ikaja indenti ya kampuni ya kaka yangu, Gathogo. Walikuwa wamekwama bondeni, siku ya pili bila chakula. Kapteni alikuwa amelazwa na malaria. Nikamfikiria Gathogo na njaa yake, mkono ukakataa kuacha gunia nusu. Nikajaza. Nikashindilia kwa goti.

Koplo wangu, Mkamba mpole, akaniambia, "Ndugu, hiyo itapasuka."

"Hawa ni watu yetu," nikamjibu. "Wacha washibe."

Magunia ishirini. Mjinga mimi!

Yalipasuka yote. Askari aliyeyasukuma kutoka ndegeni alirudi akisema mchele uliruka kama mvua ya mawe, ukazama topeni. Kisha mawingu yakafunga lile bonde siku nne, ndege zisipite. Kapteni alipotoka hospitali hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alinipa gunia tupu na shazia, akasema, "Shona tena."

Vita vikaisha, tukarudi nyumbani mimi na kaka yangu. Baba alichinja mbuzi, na Gathogo akasimulia mbele ya jamaa wote. "Tuliokota punje moja moja kwenye tope. Kariuki wa Tetu na Ndegwa wa Othaya walikuwa na homa. Walikosa cha kutia tumboni, hawakuamka. Nikimpata yule mpumbavu alifunga hayo magunia, haki ya Mungu!"

Watu wakasonya. Na mimi nikasonya pamoja nao. Shamba langu na la Gathogo yalipakana maisha yote, tukaazimana majembe na ng'ombe, na nikamzika bila kumwambia.

Baadaye nilishika stoo ya ushirika wa kahawa mpaka nikastaafu. Wakulima walinicheka kwamba magunia yangu yana njaa. Niliwaacha wacheke.

Juzi amekuja mjukuu wangu Wairimu, mwalimu kule Chaka, na simu yake mkononi. "Guka, wanafunzi wangu wananisumbua. Uliua watu wangapi?"

Nikaanza na shazia. Akanikatiza. "Hiyo ni mambo ya stoo, guka. Mimi niko na swali moja tu."

Hasira ikanipanda. Miaka yote hii, swali ni lile lile!

"Wawili," nikasema.

Uso ukamchangamka, akanisogezea simu mdomoni. "Wajapani?"

"La. Andika vizuri, uwasomee hao watoto. Kariuki wa Tetu. Ndegwa wa Othaya."