Shangazi Alipouliza Habari za Mchumba

Ipo siku moja ninayoikumbuka sana, mjukuu wangu, na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya mapokezi kwenye kituo cha afya, nimeona nikusimulie.

Nilikuwa muuguzi mpya kwenye zahanati moja hapa Mikumi, ndiyo kwanza nimetoka kwetu Kilosa. Asubuhi hiyo alikuja shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nina neno moja tu."

Mwanawe alikuwa amechumbia binti wa kijiji cha Ruhembe, na watu walimwona binti huyo akitoka kwenye zahanati yetu na bahasha ya dawa.

"Anaumwa nini?" akaniuliza. "Mimi si mgeni kwako."

Nilijua, maana dawa nilimpa mimi. Nikafungua mdomo.

"Usijibu!" Alikuwa Sista Felista, muuguzi mkuu wetu, mama mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

Shangazi akamgeukia. "Aseme tu kama ni mzima. Habari njema nayo ni siri?"

"Ni siri, mama. Leo akikuambia huyu ni mzima, kesho ataulizwa habari za mwingine. Akinyamaza, watu watajua huyo ni mgonjwa. Kwa hiyo hatusemi ya mzima wala ya mgonjwa."

"Basi kimya chenu kimeshanijibu. Harusi hakuna!"

Akaondoka bila kuaga. Nililia, mwanangu. Aliyenilea amenipa mgongo, na harusi ya watu inavunjika mbele yangu. Sista Felista akaketi karibu nami. "Wahenga walisema mficha uchi hazai," akaniambia. "Lakini nani atajifunua mbele ya mtu anayetangaza?"

Kijana aliposikia, alimkasirikia mama yake, akaenda Ruhembe kumuuliza mchumba wake mwenyewe. Walichoambiana ni chao. Walioana, na kisa hiki hukisimulia wenyewe siku hizi, wakicheka. Lakini shangazi hakuitikia salamu zangu kwa muda mrefu, na hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kukueleza.

Halafu siku moja nilimwona kwenye benchi la wagonjwa. Alisubiri hadi wote wakaisha, ndipo akaingia.

"Nimepita zahanati mbili sikushuka garini," akasema taratibu. "Nimekuja kwako kwa sababu naujua mdomo wako."

Ameshatangulia mbele za haki, na aliniruhusu kuyasimulia haya. Ugonjwa wenyewe hakuniruhusu, hata baba yako hajui.

Sasa sikiliza. Siku hizi kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Ishike kwa moyo, si kwa kuogopa adhabu tu. Nywila ya kompyuta usimpe mtu. Kioo chake usikipige picha, wala ya mgonjwa usiyapeleke kwenye magrupu ya simu. Anayemtibu ajue kinachohitajika kwa tiba. Wengine wote, awe mwajiri, mume, shehe au mchungaji, hata mimi bibi yako nikija, tuonyeshe idhini ya mgonjwa au amri ya sheria. Ukatae kwa adabu, lakini ukatae. Watakununia. Vumilia, kwani neno likishatoka halirudi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio pana na ulimi mzito, na wote watakaokuamini wapate kupona.