Alikuwako, Wakaandika Hayuko

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa bado na kifua cha kusukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, yenye magunia manne ya viazi: nilisimama nyuma ya ukuta wa mbao wa shule kama mwizi wa kuku, jicho nimelibandika kwenye ufa. Watoto waliopita walinicheka. Kile nilichokiona kupitia ufa ule njo kinachonifanya leo nikuombe ukae hapa kidogo, kabla hujamuchapa tena yule mutoto wako. Jana nimemusikia akilia, anakataa kuvaa iniforme. Juzi pia nimemusikia. Nyumba zetu ni mbao tupu, hazifichi kitu.

Kaa. Kiti hicho ni kizima, ni muguu mumoja tu unaoyumba.

Sisi ni watu wa Kibumba. Kule tulilima viazi na kabichi, na kazi yangu ilikuwa kuzishusha Goma kwa chukudu. Nyinyi vijana wa pikipiki munaicheka chukudu, lakini wakati ule kijana mwenye chukudu ya muti muzuri alikuwa na heshima yake, na kuteremka nayo ule mulima bila kuvunja shingo haikuwa kazi ya kila mutu. Nilikuwa na maneno mengi na hasira ya karibu. Muke wangu alikuwa akisema hasira yangu inaamka kabla ya jogoo, na hakudanganya.

Mutoto wetu wa kwanza ni Esperansi, tulimwita Espe. Alirithi maneno yangu, akayaongeza yake. Alisalimia watu, alisalimia mbuzi, alimuuliza padri kwa nini anavaa nguo ya mama. Ukimutuma chumvi kwa jirani, anarudi na chumvi na habari za ukoo muzima.

Halafu vita ikafika kwetu, tukakimbilia Goma. Hata mwaka hatujamaliza, volkano ikashuka, ikatukuta palepale. Wazee walisema kuruka majivu ni kukanyaga moto. Sisi tulikanyaga kweli, kwa miguu hii unayoiona. Muji ulipoanza kusimama tena, tukajenga kibanda juu ya mawe meusi, na Espe, akiwa na miaka saba, tukamupeleka mwaka wa kwanza. Shule yenyewe ilikuwa imeungua. Watu walikuwa wamesimamisha mbao, wakatupa shitingi ya plastiki juu, ikaitwa darasa. Mvua ikinyesha, mwalimu ananyamaza hadi ipite, maana hakuna anayemusikia.

Espe alianza kulia wiki ya kwanza. Nikasema atazoea. Akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi, na Dimanshi, siku isiyo ya masomo, tumbo linapona. Nikasema ni ujanja. Akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Nikasema mama yake anamudekeza. Unaona, mwanangu? Kila jambo nilikuwa na jibu lake, na hata siku moja sikuwa nimeuliza swali.

Ikafika siku ya bulete, karatasi ya matokeo. Unajua namna wanavyofanya: wazazi wote uwanjani, direkta anasoma majina kuanzia wa kwanza. Nikasimama na shati yangu ya kanisani. Wakasoma, wakasoma, watoto wakaenda mbele wakapigiwa makofi. Espe alikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, watu wameshaanza kuondoka. Nikafungua ile karatasi, nikaona wameandika kwamba tangu masomo yaanze mutoto huyu hajafika hata siku moja.

Hajafika! Na mama yake alikuwa anamupakaa mafuta kila asubuhi, anamufunga viatu, anamuona akishika njia! Basi nikajua: mutoto anatuibia, anazunguka sokoni, anacheza ziwani, na mimi nasukuma muzigo hadi magoti yanalia.

Nikafika nyumbani, nikamusimamisha mbele yangu.

“Ulikuwa wapi?”

Kimya.

“Espe, nakuuliza. Siku zote hizi ulikuwa wapi?”

Akavuta midomo ndani, akaweka mukono juu yake, akanitazama. Nikaona ni kiburi. Nikatafuta fimbo. Nilimuchapa, mwanangu, sitaki kukupunguzia neno. Nilijiambia samaki mukunje angali mubichi. Methali ni nzuri, lakini mutu akiwa na hasira hata methali anaishika kama kiboko. Alilia bila sauti, na hakusema. Nikatangaza mbele ya mama yake: Samedi, yaani Jumamosi, nampandisha Kibumba, kwa dada yangu, akalime viazi. Vita ilikuwa imetulia kidogo kule juu. Nikasema shule si ya kila mutu, huyu ameikataa, basi. Muke wangu akaweka sufuria chini, akatoka nje ili nisimuone akilia.

Jirani yetu alikuwa Koko Veronika, mama muzee wa upande wa Bukavu, Mukatoliki wa kusali rozari tatu kwa siku, anayeuza sombe, majani ya muhogo. Kesho yake asubuhi nilimukuta anatwanga. Hakunisalimia, na kwa mutu wa kwetu hilo peke yake ni tusi. Akaendelea kutwanga, kisha akasema bila kuinua kichwa:

“Papa Espe, jana nimesikia fimbo. Nimesikia maswali yako pia. Jibu sikulisikia.”

“Koko, mutoto amekuwa mwongo. Haendi masomo.”

“Nani amekuambia?”

“Karatasi.”

Muchi ukasimama. “Karatasi! Wewe unasukuma chukudu, mutu akikuambia gurudumu limevunjika unaamini, ama unainama unaangalia?”

“Naangalia.”

“Basi mutoto wako ni mudogo kuliko gurudumu? Umemufuata hata siku moja? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, papa. Nenda ukaangalie, ndipo uje unisalimie.”

Nilikasirika, ee, nilikasirika sana. Mama muzee ananisemesha hivyo, barabarani, watu wanasikia! Lakini neno la gurudumu halikuniacha. Espe alikuwa ameshatoka. Nikaegesha chukudu, nikamufuata kwa mbali.

Alikwenda polepole juu ya yale mawe, begi mugongoni, hakuangalia kushoto wala kulia. Hakupita sokoni. Hakuteremka ziwani. Aliingia uwanjani, akasimama kwenye mustari na wenzake, akaingia darasani. Na mimi nikazunguka nyuma, nikatafuta ufa.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, Mwalimu Fostini, watoto zaidi ya sitini mbele yake. Akafungua daftari la majina. Kila anayeitwa anasimama, anasema “Prezan!”, yaani yuko, anakaa. Ikafika zamu yake.

“Uwineza Esperansi!”

Kimya. Mwalimu akasogea hadi mbele yake, daftari mukononi.

“Esperansi. Nakuuliza, njo wewe? Jina lako nani?”

Nikaona mutoto wangu anavuta midomo ndani. Nikaona anaweka mukono juu yake, anabana kwa nguvu. Watoto wakaanza kucheka, “Bubu! Bubu!” Mwalimu akatikisa kichwa, akaandika. Na chini ya benchi, kwenye yale mawe meusi, nikaona maji yanatiririka. Alikuwa amejikojolea.

 Nikakaa chini, mwanangu, mutu muzima, nyuma ya ukuta. Maana uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuona mara moja mbele ya hapo, na mimi njo niliyeutengeneza.

Sikiliza vizuri hapa. Vita ilipofika Kibumba, askari walikuwa wanakamata wanaume wawabebee risasi hadi porini. Sisi wa chukudu tulitafutwa kuliko wote, mabega yetu yanajionyesha. Majirani zangu wawili walichukuliwa, hadi leo hawajarudi. Na askari walikuwa na njia yao: hawakupoteza wakati kwa wanawake, waliuliza watoto, kwa kuwa mutoto hajui kudanganya. “Jina lako nani? Papa yako iko wapi?” Mutoto anaonyesha kidole, baba anatolewa chini ya kitanda.

Kwa hiyo nilimufunza Espe. Alikuwa na miaka mitano. Nilimwambia: “Mutu akisimama mbele yako akakuuliza, usijibu. Hata jina lako usilitaje. Ukifungua kinywa watanichukua, hutaniona tena.” Nikamufanyisha mazoezi jioni nzima, mimi najifanya askari. Akiteleza akajibu, namufinya. Yule mutoto aliyesalimia mbuzi!

Tulitoka juu ya lori la kabichi, mimi nimelala chini ya magunia. Kwenye barieri, kamba iliyovutwa barabarani, askari akamuteremusha Espe, akasimama mbele yake, akamuuliza. Kupitia nafasi kati ya magunia mawili niliuona uso wake: midomo ndani, mukono juu. Askari akamuvuta sikio hadi akainuka kwa vidole vya miguu. Kimya. Askari akauliza, “Huyu ni bubu?” Muke wangu akasema, “Ndiyo, afande, ni bubu.” Tukapita.

Mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna aliyemwambia kwamba barieri imekwisha. Kila asubuhi alikwenda kusimama mbele ya mutu mukubwa anayeuliza jina lake, na kila asubuhi aliniokoa. Alivumilia kicheko, alivumilia mukojo, alivumilia fimbo yangu. Nilimuuliza mimi mwenyewe, nimesimama mbele yake, na hata mimi hakunijibu, maana hivyo njo nilivyomufunza. Mutoto aliyenipa uhai kwa kunyamaza, nilimuchapa kwa kunyamaza.

Nilirudi kwa Koko Veronika, nikamueleza yote. Safari hii alinipa kiti. Akasema: “Kufuli ulifunga wewe, ufunguo uko nao mufukoni, na unaupiga mulango mateke. Nenda ukafungue, papa. Mwingine hawezi.”

Jioni ile sikumusimamisha mbele yangu. Nilikaa chini kwenye mukeka, pembeni yake, wote tunaangalia moto. Nikamwambia, “Espe, nilikukosea. Nisamehe.” Muke wangu akageuka kama aliyesikia radi. Baba wa kwetu kumuomba mutoto musamaha? Ndugu zangu walipolisikia hilo walisema Goma imenilainisha kichwa. Waseme. Nikamwambia kwamba mwalimu si askari, kwake jina linatajwa. Alinisikiliza, lakini niliona haamini, na angeaminije? Neno langu la kwanza alikuwa amelilipia sana.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Fostini kabla ya kengele. Kijana yule aliinamisha kichwa, akasema, “Papa, nilifikiri ananidharau. Sheria yetu ni kwamba asiyejibu, tunaandika hayuko.” Nikamwambia, “Basi uniandike mimi pia. Uniite jina mbele yake.”

Nikakaa benchi la mwisho, magoti yamefika kidevuni.

“Papa ya Esperansi!”

Nikasimama. “Prezan!”

Ayi, watoto walivyocheka! Benchi zilitikisika. Espe peke yake hakucheka. Alikuwa ameingiza kichwa chini ya benchi, anangoja nichukuliwe. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili nikaenda tena, akainua jicho moja. Wasukumaji wenzangu wakaniita mwanafunzi, wakaniuliza kama nitapewa kaye ya kuandikia na kalamu. Viazi vya watu vilichelewa, wengine wakatafuta chukudu nyingine. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Mwalimu naye aliacha kusimama mbele ya Espe. Alikuja kukaa kwenye benchi lake, akamuita kutoka pembeni. Sikuzihesabu tena siku. Samedi ya kumupandisha Kibumba ilipita, hakuna aliyeitaja.

Asubuhi moja mwalimu aliniita mimi, nikajibu, kisha akamuita yeye. Espe hakumutazama. Aligeuka nyuma, akanitazama mimi, akauondoa mukono kinywani.

“Prezan.”

Sauti ndogo, kama ya mutu aliyetoka ugonjwani. Na hakugeuka tena mbele. Alibaki ananitazama, hapepesi macho, aone kama watanichukua. Sikwenda kazini siku ile, mwanangu. Nilikaa kwenye benchi lile hadi kengele ya mwisho, kwa sababu kila baada ya kitambo aligeuka kunitafuta, na kila alipogeuka nilitaka anikute.

Usingoje nikuambie kwamba amekuwa daktari. Alirudia mwaka ule, na wa kwanza hakuwa hata siku moja. Leo anauza vitenge mutaani Birere, na kwa maneno yake wateja wananunua ili wapate kuondoka. Mimi hilo linanitosha.

Sasa mutoto wako. Sijui kinachomuliza, na wewe hujui, na hapo njo pa kuanzia. Labda haoni tablo, ubao wa mwalimu. Labda kuna mukubwa anayemupiga njiani, labda kuna neno lililosemwa nyumbani kwenu, lako au la mama yake, ambalo nyinyi mulilisahau na yeye bado analibeba. Mufuate siku moja, hata kazi ilale. Ukimuuliza, usisimame mbele yake kama barieri. Kaa pembeni, na akichelewa kujibu, ngoja. Mwalimu umuendee kama mwenzako, usiende na ngumi wala na aibu. Na ukigundua kwamba kosa ni lako, usilifiche nyuma ya ubaba. Liseme wazi, mutoto analisikia. Lakini usifikiri neno litatosha. Itakubidi ukae naye mahali anapoogopa, uchekwe, na ukae hadi yeye mwenyewe aamini. Fimbo ni fupi, najua, inamaliza mambo haraka. Ila inayamaliza kwako wewe tu.

Haya, inuka, atakuwa anatoka masomoni saa hii. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Aulinde mukono wako usitangulie masikio yako. Mutoto wako aitwe jina lake popote duniani, aitikie bila woga, na siku atakapogeuka nyuma kukutafuta, Mungu ajalie akukute umekaa.