Siku Wakulima wa Mpunga Walipopanda kwa Mama

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga kule Shirimatunda. Nikiikumbuka sasa naiona kama mtu anavyoiona nyumba ya ndotoni: mwanga wote wa kijani, kwa sababu migomba ya mama mwenye nyumba ilikuwa imeegemea dirisha, na ukuta mmoja uliokuwa ukipumua. Nyuma ya ukuta huo alifungwa ng'ombe wake wa maziwa. Tukiandika maandiko yetu ya kuomba kazi tulimsikia akicheua, na mara nyingi nilijikuta nafikiri kwa mwendo wa taya zake.

Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mhandisi wa maji. Tulifanya kazi meza moja kwa miaka katika mradi fulani mjini Moshi, mradi ukafika mwisho, na siku ya kufungasha vitu akaniambia, "Dada, wewe unajua kukaa na watu, mimi najua ramani. Tusubiri kuajiriwa na nani tena?" Nilicheka. Baada ya muda si mrefu tulikuwa na kampuni ya ushauri, mhuri, na kibao kidogo tulichokiandika wenyewe kwa rangi.

Jinsi ilivyokua sikumbuki vizuri. Mgomba nao huoni siku unapoongezeka. Unaamka tu, kivuli kimefika mlangoni. Alikuja binti mmoja aliyetoka chuoni, mtulivu, hodari wa takwimu. Wakaja wengine. Tukahamia mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tukawa watu sita. Mimi nikaitwa mkurugenzi. Hakuna aliyewahi kunifundisha mkurugenzi hufanya nini, kwa hiyo nikadhani ni yule mwenye majibu. Asubuhi ambazo mlima ulikuwa wazi nilisimama dirishani na kikombe changu, theluji ile ikining'inia juu ya mabati kana kwamba haikushikwa na kitu, na wenzangu wakaja mmoja mmoja kuniuliza hili na lile. Niliwajibu wote. Hata pale nisipojua, nilijibu.

Ndipo tukapata kazi ya Chekereni. Wakulima wa mpunga wa huko walikuwa na kikundi chao cha kugawana maji ya mfereji, na kila kiangazi maji yalikuwa yakipungua. Shirika lililokuwa likiwasaidia likatuajiri tueleze kwa nini, na nini kifanyike. Mwenzangu alichora ramani za kupendeza sana. Binti wa takwimu alizunguka mashambani na dodoso kwa wiki nzima. Mimi niliandika ripoti nikiwa mezani, mjini, na nilipoimaliza nilijisikia mwenye hekima.

Tuliiwasilisha kwenye ghala lao la mpunga. Joto la tambarare lilikuwa limelala juu yetu kama blanketi, na vumbi la pumba lilielea katika miale ya jua iliyopenya kwenye matundu ya bati. Nilikuwa nikieleza kwa ufasaha kwamba matumizi ya maji upande wa juu hayana mpangilio, mwenyekiti wao akanyoosha mkono. Alikuwa mama wa makamo ya mama yangu, mwembamba, miguu imekaukiwa na tope hadi magotini. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja.

"Mwanangu," alisema, "hiyo juu unayoisema ni wapi?"

Nikamwonyesha kwenye ramani.

"Hapo naona rangi ya kijani. Nauliza, umefika?"

Nikainama karibu na ramani. Nilikuwa nimefika, tena zaidi ya kufika. Kidole changu kilikuwa kimegusa kijiji nilichozaliwa. Mfereji uliochorwa pale kwa mstari mwembamba wa buluu ulipita nyuma ya jiko la mama yangu.

"Kwetu ni hapo," nilisema.

Watu wakageuka kunitazama. Kisha mzee mmoja nyuma akacheka polepole, na wengine wakamfuata, kicheko kisicho na ubaya.

"Kumbe," mwenyekiti akasema. "Kumbe ninyi ndio mnaoanza kunywa. Basi na sisi tupeleke tukaone."

Niliitikia pale pale, bila kumtazama mwenzangu.

Alisubiri mpaka tukawa barabarani kurudi mjini. "Ripoti wameipokea," alisema. "Mkataba unaishia hapo. Sisi ni washauri, dada, hatutembezi watalii. Na ile kazi ya Sanya Juu inatusubiri, tumeshachelewa."

"Najua."

"Na ni kwenu. Ulipaswa kuniambia tangu mwanzo kwamba ni kwenu."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Sikuwa nimelificha kwa makusudi. Nilikuwa nimejizoesha kuiona ramani kama ramani, na mama yangu kama mama yangu, na sikuwahi kuviweka viwili hivyo mahali pamoja.

Tulipanda kwenda kwetu Jumamosi moja, wakulima saba, mwenyekiti, binti wa takwimu na mimi. Mwenzangu hakuja. Mpunga ulibaki nyuma, kisha mji, kisha barabara ikaanza kujikunja na hewa ikapoa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Kadiri tulivyopanda, wageni wangu walizidi kujikunyata, na dirishani mibuni, mageti, kanisa na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe vilitokea na kufutika, kana kwamba vinakumbukwa na mtu mwingine.

Tulipoteremka kwenye gari, kwanza tulisikia maji. Hayaonekani pale kwetu. Yanasikika, pande zote, chini ya majani. Mwenyekiti alisimama akageuza shingo huku na huku.

"Yako wapi?" aliuliza.

"Kila mahali," nilisema, na niliposema hivyo nikaona aibu.

Mama alitupokea uani. Alikuwa amepika mtori wa ndizi tangu alfajiri, akavaa gauni la kanisani. Wageni vijana wakamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja, na mimi nikaeleza kwamba hawa ndio watu wa Chekereni. Tulikula kwanza, maana kwetu huzungumzi jambo na mgeni mwenye njaa. Kisha mwenyekiti akaomba aonyeshwe mfereji.

Mama aliongoza njia kupita kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na mibuni aliyoiacha baba. Mfereji ulikuwa mwembamba, unaweza kuuruka, na maji yake yalikuwa meusi kwa kivuli na yenye baridi. Karibu na zizi ukingo ulikuwa umebomoka. Maji yalitoka hapo yakatapakaa kwenye nyasi, yakashuka njiani, yakapotea kwenye korongo. Nilikuwa nimeyaruka maji yale maisha yangu yote. Utotoni tulioshea miguu hapo kabla ya kuingia ndani.

Mwenyekiti aliinama akaweka kiganja pale yanapomwagika. Maji yakampita katikati ya vidole.

"Haya yanakwenda wapi, dada yangu?" alimuuliza mama.

"Yanakwenda tu," mama akasema. "Yako siku zote."

Hakuna aliyemlaumu. Nadhani wangemlaumu asingeumia vile. Alisimama akiitazama mikono ya mgeni wake, ile mikono iliyopasuka, na akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijawahi kufika kwenu. Nimefika sokoni Moshi, nikageuza." Kisha akanigeukia na kuzungumza Kichagga, jambo asilolifanya mbele ya wageni: nimpeleke akaone.

Nilimpeleka juma lililofuata. Alivaa viatu vyake vya Jumapili, na vikamsumbua. Mwenyekiti alimtembeza kwenye majaruba ya mpunga ya upande wa mwisho wa mfereji, ambako udongo ulikuwa umepasuka vipande kama vigae na mpunga umenyauka ukiwa bado kijani. Mama alichukua kipande kimoja cha udongo akakigeuza. Kiangazi chote kilikuwa kikitetemeka juu ya tambarare ile, na mlima wetu kwa mbali ulionekana kama wingu lisilotaka kuondoka. Alipoutazama kutoka kule alikuwa kama hautambui.

Aliyoyafanya baadaye hayakuwa kwenye ripoti yangu. Alikwenda kwa wazee wanaosimamia mifereji, nyumba kwa nyumba. Wawili walimfukuza kwa maneno ya heshima. Jumapili, wakati wa matangazo, aliomba nafasi akasimama mbele ya usharika na kueleza alichokiona, na nilishangaa, maana mama yangu hata kuongoza pambio alikuwa akiona haya. Ilichukua miezi. Kingo zikazibwa, siku zikapangwa za kufungua na za kufunga. Kazi yetu, mimi na wenzangu, ilikuwa kuandika walichokubaliana, kuwaitia gari, na kunyamaza. Binti wa takwimu aliendesha mikutano yote ya mwisho, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi.

Mwenzangu aliondoka kabla ya mvua. Hatukugombana. Alipata kazi mkoa mwingine, akaja ofisini kuniaga, akazikunja ramani zake vizuri na kuniachia nusu. "Utaikuza kampuni," alisema, "lakini haitakuwa ile niliyoifikiria." Nilimwambia najua, na kwamba anisamehe kwa lile la kijijini kwetu. Alikubali kwa kichwa. Kwa wiki nyingi baadaye niliendelea kuweka vikombe viwili, changu na chake.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, mwenyekiti alinipigia simu. Badala ya salamu zikaja sauti za shambani. Niliweka sauti ya juu, na ofisi nzima ikaacha kazi, kwa sababu kilichotoka kwenye simu kilikuwa mchirizi wa maji, kisha vyura, kisha watu wakiitana kwa mbali wakiwa wanapandikiza miche. Tulisikiliza tukiwa tumesimama. Mwishowe akasema, "Hayajafika upande wa mwisho kabisa. Nusu yake bado kavu, nisikudanganye. Mwambie mama, huyu wa Chekereni anamsalimu."

Nilimwambia mama jioni. Alikuwa akichambua maharage. Aliuliza nusu ipi ndiyo iliyobaki kavu, nikamweleza, akasema basi wale wazee wawili atawarudia.

Leo tuko watu tisa. Wananiuliza mambo bado, na mara nyingi nawajibu kwamba sijui, twende.