Cherehani Isiyohitaji Miguu

Leso mpya ina harufu yake ya wanga na rangi, na nyumbani kwetu Mji wa Kale harufu hiyo ilichanganyika na ya mafuta ya cherehani hata sikujua kuzitenganisha. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mpinda leso. Wanawake walizinunua Biashara Street wakamletea jozi zikiwa hazijakatwa, naye akazikata na kuzipinda huku wakimpa habari za mji. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni. Aliketi mkekani, cherehani ya mkono mbele yake, mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukiongoza nguo. Kwenda msalani alibebwa, kushuka ngazi alibebwa. Lakini mbele ya cherehani ile hakuwa mzigo wa mtu. Ikienda kasi ni yeye kataka, ikisimama ni yeye kaisimamisha. Waliokuja kumpa pole kwa miguu yake waliishia kungoja zamu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilipokuwa na miaka tisa, mwezi wa Shaabani, mjomba wangu Athumani, mwanawe wa pekee wa kiume, aliona haya kwamba mama yake bado anazungusha chuma kwa mkono ilhali wenzake bandarini wamewanunulia mama zao vitu vya umeme. Bibi alipochukuliwa kwenda Tudor kwenye hitima ya binamu yake, mjomba alikuja na mtu mmoja mnunuzi wa vitu vya zamani. Mjomba aliniambia nisimwambie bibi neno, kwani tunataka afurahi. Nilifurahi kuaminiwa. Mimi ndiye niliyeifuta vumbi cherehani ile, nikaitia mafuta, nikaipangusa mpaka maua ya dhahabu ubavuni mwake yakang'aa. Yule mtu akaisifu, akaifunga kwa gunia, akaondoka nayo.

Bibi aliporudi alikuta mashine nyeupe ya umeme juu ya meza. Mjomba alieleza mishono yake yote, na mama akatoa shukrani kwa niaba ya kila mtu. Bibi aliutazama waya ulioshuka kutoka mezani, akaufuata kwa macho hadi sakafuni, palipokuwa na kikanyagio cha kuiendeshea.

"Athumani, hukuniuliza," alisema mwishowe. "Ungeniuliza, ningekwambia miguu yangu haishoni."

Mjomba akacheka kidogo, akasema mtoto atakanyaga. Mtoto ni mimi. Siku tatu nilichuchumaa chini ya meza, bibi ameinuliwa kitini, akiniambia polepole, polepole, nami sikuijua polepole ya mguu wangu. Ama mashine iligoma, ama ilikimbia. Siku ya tatu ilikimbia na kidole chake kikiwa chini ya sindano. Alikizungushia ncha ya leso ya mteja, akaomba ashushwe mkekani.

Alimtaka mjomba akairudishe cherehani yake. Mjomba alikwenda, akarudi kusema yule mtu keshaiuza, wala hajui iliko. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema watu, lakini bibi hakuuacha. Aliondolewa mbachao wake akiwa hayupo, na sisi tuliomwondolea ndio tuliompenda. Leso zikaenda kwa mafundi wa barazani Biashara Street. Kwanza wanawake waliendelea kuja kumtazama, kisha wakawa wanampa salamu wakiwa mlangoni, kisha wakawa wanasalimia kwa kupitia kwetu. Aliishi miaka sita zaidi, akabebwa kwa kila kitu. Hata siku moja hakuniuliza kama nilijua. Ningependa kama angeniuliza.

Mjomba sasa ni mzee, na bado husema kwamba alimtoa mama yake katika taabu. Mimi huitikia, kwa adabu. Siku hizi vitu vya mkono vimerudi kupendwa. Nyumba za wageni za Mji wa Kale zimejaa vinu vya kahawa, pasi za makaa na cherehani, na vijana huja kupiga picha wakisema vitu vya zamani vilikuwa na uhai. Mwaka jana niliingia katika nyumba moja kama hiyo kunywa chai, nikaona cherehani imewekwa juu ya kabati, taa imefungwa mgongoni mwake. Nilimwuliza msichana wa pale kama inashona.

"La, mama, ni urembo tu," alisema kwa upole.

Nikamwomba ruhusa niguse. Nikaushika mkono wa cherehani, nikazungusha, usizunguke. Nikadhani ni kutu, nikaongeza nguvu. Yule msichana akanieleza kwamba umegandishwa makusudi kwa gundi, watoto wa wageni wasije wakaumia vidole.