Ukuta wa Bwana Selvan

Dagaa wanaoanikwa juani wana harufu mbili: ya asubuhi, ambayo ni ya ziwa, na ya mchana, ambayo hushika nywele, shuka na hata uji. Mimi nilikulia katika harufu ya mchana, kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, ndani ya kibanda cha mabati alichohamia mama baada ya kuacha migomba ya kwao Buganguzi na kumfuata baba ziwani. Baba alikuwa mvuvi wa kuhamahama. Mwaka nilipotimiza miaka tisa alikuwa ameshakwenda kambi nyingine, akimwacha mama na ujauzito. Kisiwani hapakuwa na zahanati. Mwanamke akishikwa na uchungu alipandishwa mtumbwi wa injini kwenda bara, na wengine hawakurudi.

Msimu huo ndipo alipokuja Bwana Selvan, Mtamili wa kaskazini mwa Sri Lanka, mtu mwembamba, mweusi kama sisi ila nywele zake zililala, tukabishana watoto kama ni Mhindi au la. Watu walimwita Injinia, naye kila mara aliwasahihisha kwa upole: “Mimi msanifu majengo. Nachora.” Alikuja kujenga nyumba ambamo wajawazito wangesubiri siku zao. Wakubwa wa bara walikuwa wameahidi kuleta muuguzi na vitanda siku paa litakapokamilika, si kabla. Mchana alikula kwetu ndizi na dagaa, na akimaliza alimwambia mama, “Wakola, waitu,” shukrani ya Kihaya aliyofundishwa na mafundi. Siku moja mama alimuuliza kwa nini aliacha kuchora mahoteli ya mjini kwao.

“Nilichora shule ya kijiji chetu,” alisema. “Mjenzi aliiba saruji. Nilijua ukuta ni dhaifu, nikatia sahihi, kwa sababu watu walikuwa na haraka. Vita vilipokuja walijificha humo. Ukuta ukawaangukia. Dada yangu alikuwemo.”

Mama alimwongezea ndizi.

Kuta za nyumba ya wajawazito zilipofika juu ya madirisha, Bwana Selvan alikwangua mahali matofali yalipoungana kwa ukucha wake, na mchanga ukamwagika chini kama unga. Saruji haikutosha. Aliamuru ukuta wote wa mbele ubomolewe, na tofali la kwanza alilitoa mwenyewe. Wanawake walikuja mbio, mama mbele yao, mkono mmoja kiunoni.

“Injinia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Hili langu halingoji.”

“Mama, haraka haraka haina baraka.”

Watu walicheka kusikia methali kinywani mwake. Mama hakucheka.

“Ezeka hivyo hivyo, muuguzi aje.”

“Siku kumi na mbili tu. Nisamehe.”

Siku ya tisa, asubuhi, mama alikuwa akigeuza dagaa pale uwanjani alipopiga magoti ghafla. Tulimpakia mtumbwini: mimi, jirani yetu Mama Koku, na Bwana Selvan aliyeacha mwiko wa saruji akaingia bila viatu. Katikati ya maji mtoto alizaliwa, akalia kwa nguvu, tukafurahi. Lakini damu haikukatika. Mama Koku alikandamiza kwa khanga moja, kisha ya pili. Mama aliuliza ni nini, tukamwambia ni binti. “Mwana wange,” aliniita kwa Kihaya, yaani mwanangu, “asilale njaa.” Hakusema tena, na bara bado ilikuwa mstari wa kijani tu kwa mbali. Bwana Selvan alivua shati lake akamfunga mtoto.

Mama tulimzika Buganguzi, nyuma ya nyumba ya bibi. Bwana Selvan alisimama kando, peke yake, kisha akanijia. “Niliuogopa ukuta,” alisema, “nikamsahau mama yako.” Nilimwambia aondoke. Aliondoka, akaenda kumaliza nyumba, akaezeka, muuguzi akaja, na Bwana Selvan akarudi kwao. Sikumwona tena.

Sasa ninaishi Nyanga, Bukoba, na mdogo wangu niliyemlea kwa uji na maziwa ya kuomba ni msichana mrefu kuliko mimi. Tetemeko lilipotikisa Kagera, nilisikia kwamba nyumba ile haikupata hata ufa. Mwaka jana nilimpeleka aione. Muuguzi alituonyesha vyumba kwa fahari, na wanawake wenye matumbo makubwa walikuwa wamekaa barazani wakisukana, wakipiga soga, bila hofu ile niliyoijua machoni mwa mama. Zamani kisiwa kile kilizika, leo kinazalisha. Nimekua kiasi cha kukubali kwamba ukuta ule ulistahili kubomolewa, na kukubali huko hakujanipunguzia kitu.

“Mama alinizaa chumba kipi?” mdogo wangu aliuliza.

Sikuwa nimewahi kumweleza. Nikamwambia kwamba alizaliwa majini, kwa sababu nyumba ilichelewa siku tatu.

“Nani aliichelewesha?”

Muuguzi aligeuka kunitazama, na wale wanawake barazani pia. Jina lilikuwa mdomoni. Sikulitamka.